Breki Nilizosema Ametengeneza Opondo

Kama unanisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Aron, karani wa kituo cha majani chai huku Ndanai, na ugonjwa wangu ni gari. Nina Pijo nyeupe, steshen wagoni iliyonizidi umri, na kwa miaka mitatu hakuna fundi aliyeigusa ila mimi. Wewe uliyekuwa nami juma lililopita unakumbuka niliishia nje ya kanisa, gurudumu la nyuma limechomoka na kutangulia mlangoni, na mchungaji amesimamisha mahubiri ili watu wacheke kwa nafasi.

Tangu habari ile itoke simu yangu haijapumzika. Nusu yenu mnaniambia nimpe fundi gari, mimi nirudi kwa mizani yangu ya majani. Nusu nyingine mnaniambia nisithubutu, kwamba fundi hutoa kizuri akakuwekea kibovu, kisha akakusalimia kwa heshima. Mimi nilikuwa wa kundi hilo la pili. Nilikuwa mwenyekiti wake.

Nilikuwa hivyo mpaka Jumamosi ninayotaka kuwasimulia, saa tatu kasoro asubuhi.

Lakini nianze Ijumaa, maana uongo wangu ulizaliwa Ijumaa.

Shemeji yangu wa mwisho alikuwa amepata mchumba Fort Ternan, na Jumamosi ndiyo iliyokuwa koito, siku wazee wa pande mbili wanapokaa kukubaliana mahari. Wazee walikuwa na matatu yao ya kukodi. Mama mkwe alikuwa aende na Pijo yangu, pamoja na mke wangu Chepkemboi na binti yetu Nelvine wa darasa la pili. Dereva alikuwa Robert, kaka mkubwa wa mke wangu.

Mtauliza kwa nini nisiendeshe gari langu mwenyewe. Ni heshima. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawabanani ndani ya gari, magoti kwa magoti, mwendo wa saa tatu. Vijana wa siku hizi wanafanya, mimi siwezi. Hata jina lake silitaji, na msidhani ni kwa ajili ya gazeti. Mimi nilikuwa nifuate adhuhuri kwa gari la kanisa.

Ijumaa hiyo mchana Chepkemboi alikwenda Bomet kumchukua mama yake. Nyumba ikabaki kimya, na mimi na nyumba kimya tukikutana lazima kuwe na spana katikati yetu. Nikasema nibadilishe raba za breki, zile zinazozuia mafuta yasivuje, na kumwaga mafuta yote ya zamani, gari liende ukweni likiwa na breki mpya. Nia ilikuwa njema. Ningeomba hilo liandikwe mahali.

Karakana yangu ni nusu ya banda la ng'ombe. Upande mmoja kuna ng'ombe wawili na mashine ya kukatia nyasi, upande mwingine kuna rafu ya vifaa vyangu. Nilifanya kazi kwa saa nne, nikafunga, nikajaribu barabarani. Pijo ilisimama kama imeitwa jina. Nilifurahi peke yangu kama mwendawazimu.

Jioni wakafika. Nilikuwa nimeshaoga na kuvaa shati safi. Mama mkwe akapelekwa sebuleni, mimi nikabaki jikoni kama desturi inavyotaka, na maneno yakawa yanapita kupitia kwa Chepkemboi.

"Mama anasema haingii kwa hiyo gari kama ni wewe umetengeneza," mke wangu akaniambia, sauti chini. "Amesikia ile maneno ya gurudumu. Anasema ya fundi ataingia, ya karani hapana."

Ningesema ukweli hapo mambo yangeishia kwa aibu kidogo na nauli ya matatu.

"Mwambie imeenda kwa fundi," nikasema.

"Fundi gani?"

"Opondo."

Chepkemboi alijua mimi na Opondo hatuongei. Mwaka jana nilisema mbele ya watu hotelini kwamba Opondo aliniuzia betri yangu mwenyewe, jambo ambalo mpaka leo sina ushahidi nalo. Lakini mke wangu alikuwa amechoka na safari, alitaka kuamini, akaamini. Nikamwona anaingia sebuleni na uongo wangu, na sikumzuia.

Robert naye alipokuja kulala akataka namba ya huyo fundi, ikiwa gari litasumbua njiani. Nikampa. Tena nilimpa haraka, ili nionekane mtu asiye na la kuficha.

Saa moja asubuhi wakaondoka. Mama mkwe alikaa mbele, amepakata kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Nelvine alinipungia mkono kupitia kioo cha nyuma mpaka walipopinda kona. Nilisimama pale barabarani nikijisifu moyoni. Nilikuwa nimewapa watu wa ukweni gari zuri, na Opondo alikuwa amepewa sifa asiyoistahili, lakini hilo ningemsamehe.

Nikakamua, nikapeleka maziwa, nikarudi kuwakatia ng'ombe nyasi.

Mashine ya nyasi hupenda mafuta kidogo kabla ya kazi. Nikanyoosha mkono kwenye rafu, nikachukua ile chupa ya plastiki ya mafuta ya mashine, nikatia kwenye beringi. Mengine yakamwagika kwenye mwili wa mashine, ile rangi ya buluu niliyoipaka mwenyewe Krismasi. Nikakata nyasi. Nilipomaliza nikachukua kitambaa nipanguse.

Kitambaa kikarudi na rangi.

Nikapangusa tena. Rangi ya buluu ikabanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa, chuma kikabaki uchi. Mafuta ya mashine hayatoi rangi. Ukiyaacha mwaka mzima hayatoi. Mafuta yanayotoa rangi ni ya aina moja tu katika rafu yangu, nayo ni ya breki.

Nikanusa chupa. Nikakaa chini juu ya nyasi.

Zilikuwa chupa mbili, za kampuni moja, umbo moja. Moja niliinunua Alhamisi ikiwa na mafuta ya breki. Nyingine ilikuwa ya zamani, na mimi mwenyewe, kwa ubahili wa kutotupa kitu, niliijaza mafuta mepesi ya mashine, yenye rangi ileile ya chai isiyo na maziwa. Sikuandika kitu juu yake. Ya nini kuandika, na rafu ni yangu?

Hii ya breki ilikuwa imejaa karibu yote. Maana yake Ijumaa, wakati nikimimina na kutoa hewa na kupiga mluzi, nilikuwa nimejaza breki za Pijo mafuta ya mashine ya kukatia nyasi.

Nilijua si sawa, ila sikujua ubaya wake unafika wapi. Hapo ndipo mtu wa kujifunza kwenye simu anapofika ukingoni. Nilijua jinsi ya kufungua kitu. Sikujua kitu hicho kinakufa vipi.

Nikampigia Chepkemboi. Simu ikalia chumbani, iko kwenye chaja.

Nikampigia Robert. Ilikuwa inatumika. Nikangoja dakika moja, ikawa bado inatumika. Nikajaribu tena, ikalia mpaka ikakatika. Nikapiga mara sita. Robert akiendesha hashiki simu yangu. Anasema mimi napiga kuuliza kama gari limeshika gia vizuri, na ni kweli huwa nauliza hivyo.

Namba ya mama mkwe sikuwa nayo. Miaka minane ya ndoa, sijawahi kuwa nayo.

Saa tatu na dakika tano. Nikapiga hesabu ya njia: Sotik wameshapita, Litein wameshapita, wako Kericho au wanaikaribia. Ukitoka huko kwenda Fort Ternan barabara inaanza kushuka, na ikishashuka haina huruma. Kona, bonde, kona, na chini kule mashamba ya miwa. Kila kitu duniani ninachokiita changu kilikuwa kinaelekea huko, na kingeteremka kwa kazi ya mkono wangu.

Nikalia. Siwafichi. Nililia nikitafuta viatu.

Palikuwa na mtu mmoja Ndanai nzima ambaye angeweza kuniambia mafuta yale yanafanya nini na nina muda gani. Tena mafundi wana ndugu zao kila mji. Angeweza kumpigia mwenzake wa Kericho asimame barabarani akiwa na jiwe mkononi, alisimamishe lile gari. Nikapanda boda, nikamwambia anipeleke kwa Opondo.

Opondo alikuwa chini ya pikapu, miguu nje. Nikaita. Miguu haikutikisika.

"Fundi, ni mimi Aron."

"Nimesikia," akasema kutoka chini. "Betri yako imeibiwa tena?"

Nilipiga magoti kwenye oili, nikainamisha kichwa mpaka nikamwona uso. Nikamwambia kila kitu kwa mkupuo mmoja: raba mpya, chupa mbili, mafuta ya mashine, watu watatu na dereva, Fort Ternan.

Alitoka pale chini polepole, akakaa, akafuta mikono. Alikuwa ananitazama vibaya, ila si kwa hasira niliyoitegemea.

"Hiyo Pijo yako ni ya watu wa koito?" akauliza.

"Ndiyo."

"Na hawa watu wanadhani nani alitengeneza?"

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia mbele ya magoti ya Opondo. Nikamwambia.

Akafumba macho. "Karani," akasema, "kuna mtu amenipigia si nusu saa imepita. Anasema ni watu wa koito ya Fort Ternan, gari yenye nimetengeneza breki juzi inashika, magurudumu ya mbele yamekuwa moto, inanuka. Mimi Alhamisi nilifanyia breki ile matatu ya wazee wa koito. Nikajua ni hiyo."

Ndiyo maana simu ya Robert ilikuwa inatumika.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia ni pads mpya za breki, zinajizoesha. Asimame dakika kumi ipoe, halafu aende pole pole. Kwa ile matatu hiyo ni kweli kabisa. Kwa yako nimemtuma kaburini."

Akanieleza akiwa ameshachukua simu yake. Raba za breki zinapokunywa mafuta yasiyo yake huvimba. Kwanza breki hukataa kuachilia, gurudumu linajisugua lenyewe na kuwaka moto. Ukizidi kwenda, moto unafika ndani, na siku unapoihitaji breki kweli, mguu unakwenda mpaka chini na gari linaendelea na safari yake. Wangesimama Kericho na kutotoka hapo, wangekuwa salama. Walikuwa wamesimama. Walikuwa salama kwa dakika kumi. Uongo wangu ndio uliowaambia waendelee.

Alimpigia kwanza mwenzake, fundi mmoja wa Kericho anayefanya kazi karibu na barabara ile. Huyo akasema Pijo nyeupe imepita, ameiona, na amesikia harufu yake. Ilikuwa imepita kitambo.

Akapiga namba ya Robert. Mimi nilipiga mara sita, simu yangu haikushikwa. Ya Opondo ilishikwa mara ya kwanza, kwa kuwa walidhani ni fundi wao.

Aliweka simu kwenye spika. Haikuwa sauti ya Robert; ilikuwa ya mama mtu mzima, na lafudhi yake ya Kikipsigis ilikuwa ikigeuza j kuwa ch, d kuwa t na b kuwa p.

"Haro? Robert anaentesha. Ni mama yake."

Opondo akaninyooshea simu. Nikarudi nyuma.

"Mimi siwezi kusema hiyo maneno," akasema. "Si yangu. Sema wewe."

"Ni mama mkwe wangu," nikamwambia kwa kunong'ona.

"Basi muache afe na heshima yake."

Nikaishika simu. Katika miaka minane nilikuwa sijawahi kumwambia mama yule neno lolote moja kwa moja, ila salamu ya mbali, macho chini. Opondo akaushika mkono wangu na simu yake ndani, akausogeza mdomoni kwangu.

"Mama," nikasema. "Ni mimi. Baba Nelvine."

Nilisikia injini, na nyuma yake Nelvine akiimba wimbo wa shule.

"Mama, Opondo hakushika ile gari. Nilishika mimi. Nilikudanganya. Nimeweka mafuta mbaya kwa breki na hazitashika. Mwambie Robert asimame sasa hivi, mahali popote, hata kwa shamba ya mtu."

Niliingoja laana. Niliona niliistahili na ningeipokea. Badala yake alinijibu taratibu, kama mtu anayezungumza kanisani.

"Nilichua," akasema. "Chana ulishika kikompe cha chai ukampa mtoto aniletee. Niliona kucha zako kwa mlango. Mtu mwenye ametengenezewa na fundi hana kucha kama hiyo."

"Sasa kwa nini ulipanda?"

"Nikikataa, ningekuita mwongo mbele ya pipi yako na mtoto yako. Mkwe haitwi mwongo. Nikaomba Mungu, nikapanta."

Wasomaji, nimeangukiwa na mengi katika mfululizo huu, na mengine nimeyasimulia mkacheka. Hili halikuniangukia. Mama yule alinisitiri, akaweka magoti yake, binti yake na mjukuu wake ndani ya kazi yangu, ili nisiaibike. Nilitamani ardhi ya Opondo ifunguke na oili yake yote inifunike.

Nikamsikia anamwambia Robert maneno machache kwa Kikipsigis. Robert akauliza kitu, akauliza tena kwa sauti ya juu. Wimbo wa Nelvine ukakatika.

"Anasema hawezi simama," mama mkwe akasema. "Tumeanza kuteremka. Anasema mguu unaingia mpaka chini. Ongea basi. Nimwambie nini?"

Opondo alikuwa ameinama sikioni kwangu.

"Arudishe gia mbili, asizime injini kabisa. Akae upande wa ukuta wa mlima, si upande wa bonde. Mwambie hivyo."

Nikasema hivyo. Nikasikia mama anayarudia, na injini ikapiga ukelele wa kushuka gia. Sauti ya Chepkemboi ikasikika kutoka nyuma, anamwambia Nelvine alale chini ya kiti.

"Sasa handbrake," Opondo akaninong'oneza. "Hiyo ni waya, haitumii mafuta, hiyo hujaharibu. Avute kidogo kidogo, asivute yote mara moja. Hiyo ndiyo itawaokoa."

Nikaisogeza simu mbali na mdomo.

"Karani, mwambie avute handbrake."

Ijumaa, ili nifikie raba za nyuma, nililegeza waya ule kisha nikauchomoa kabisa, kwa kuwa ulikuwa umekula kutu na nilitaka kununua mwingine. Nikaufunga kwenye boriti palepale bandani. Asubuhi Robert alipouliza kwa nini breki ya mkono haina nguvu, nilimwambia Pijo kuukuu ndivyo zilivyo, awe anaegesha kwa jiwe.

"Unangoja nini?" Opondo akasema, sasa si kwa kunong'ona.

"Baba Nelvine?" mama mkwe akaita kwenye simu. "Robert anasema ako na hantpreki. Anauliza avute?"

Nikamwambia asivute, haina waya. Akaniuliza waya uko wapi. Nikamwambia uko Ndanai, bandani, umefungwa kwenye boriti.